Viwavi Nilivyovikana Mbele Yako

Zaina, mwanangu wa darasa la chekechea,

Huko walikokuhamishia wazazi wako naamini sasa unasoma mwenyewe, basi isome hii polepole. Wengine nao waisome, maana nilikukosea mbele ya watu.

Unalikumbuka darasa letu la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, lile la mabati yaliyotuchoma kuanzia saa nne? Wiki ile tulikuwa na somo la kipepeo, nikawaambia kila mmoja alete kitu cha kipepeo kutoka nyumbani. Mmoja alileta bawa lililochanika, mwingine jani lenye mayai. Wewe ulikuja umekumbatia kopo la maziwa, ukalifungua mezani kwangu: mbinzo, viwavi vilivyokaushwa vizuri, kutoka kwenye meza ya mama yako sokoni.

"Mwalimu, hii njo kipepeo mbele ya kupata mabawa," ulisema. "Sisi tunakulaka."

Ulikuwa umelielewa somo kuliko wote. Lakini darasa zima lililipuka kwa kicheko, eti kwenu mnakula wadudu. "Aka! Banakulaka badudu!" Kisha mtoto mmoja wa dawati la mbele akanigeukia: "Na we mwalimu, unakulaka?"

"Mi? Hapana," nikasema, nikacheka pamoja nao.

Nami ni mtu wa Kindu kama ninyi, mji ambako mbinzo ni chakula cha kawaida! Jumamosi iliyotangulia nilikuwa sokoni kwenu, na ni wewe uliyenifungia mbinzo kwenye karatasi, ukaniongezea kiganja kimoja cha bure. Nilizila na nsima, ugali wa huku, nikalamba vidole. Neno lako moja tu lingeniumbua. Ulinitazama, ukafunika kopo, ukarudi kukaa. Mtoto wa miaka sita alinisitiri mimi mtu mzima.

Mkataa kwao mtumwa, na mimi nilijiuza kwa kicheko cha watoto wa chekechea.

Nilipanga kuja kwenu kuomba radhi. Badala yake nikawa napita njia nyingine, hata mbinzo nikaanza kuzitafuta Lilongwe, soko la Tsoka, ambako hakuna anayenijua. Siku mlipopanda basi la kwenda uwanja wa ndege nilisimama nyuma ya watu. Mama yako alinipungia mkono. Wewe hukupunga, na ulikuwa na haki.

Tangu hapo, kila nikifundisha kipepeo naruka hatua moja. Nachora yai, halafu kipepeo. Kiwavi simtaji, nisije nikaulizwa. Wapo watoto hapa kambini wanaoamini kipepeo hutoka yaini na mabawa yake, na ni mimi niliyewafundisha. Naona haya kila ninaposhika chaki.

Jumatatu somo linarudi. Nitamchora kiwavi, na akitokea wa kuniuliza, nitamjibu ukweli. Bado nakiogopa kicheko chao, Zaina, ndiyo maana nimeandika hadharani, nikose pa kurudi nyuma.

Nisamehe, mwanangu. Na kama huko nako watakuuliza kwenu mnakula nini, usiniige.

Mwalimu wako, mteja wa mama yako