Nimeacha Kazi, Wali Uko Jikoni

Baba Purity,

Wali na mchuzi wa nazi viko jikoni, nimevifunika. Purity akirudi shule aanue nguo kabla ya mvua.

Barua ya kuacha kazi nimeipeleka. Asubuhi nilipokwambia, uliacha chai nusu kikombe ukatoka bila kuniaga, nami nikakasirika. ~~Jioni jipikie mwenyewe.~~ Samaki nitakaanga mimi nikirudi.

Mhariri aliuliza, "Kanze, miaka kumi na moja ukurasa wa sayansi ni wako. Unauachia nini?" Nikamwambia siku hizi wangu ni robo tu, kwingine ni matangazo ya sabuni, heri nijiandikie mwenyewe, nimuuzie nimtakaye. Akacheka, akanipa mkono. Nikiwa ngazini akaniita: "Ile makala ya kaa wa mikoko, utatuuzia?"

Nikajibu nitafikiria. Mimi huyu, nitafikiria!

Sasa nakwenda Tudor kuwatazama hao kaa, maji yamekupwa. Viatu vyako vya mpira nimevivaa mimi.

Usinune, mume wangu. Naogopa kama wewe, lakini kutoka ofisini Ndia Kuu mpaka nyumbani nimekuja nikiimba, watu wakinitazama.

Mama Purity