Kiti Changu Kwenye Harusi ya Mariamu

Jumatano. Nalufenya, Jinja. Mvua.

Imeanza kunyesha alfajiri na bado haijaacha. Uwanja utakuwa tope tupu, kwa hiyo leo hakuna mazoezi, na mimi nimeishukuru mvua hii kuliko mkulima yeyote wa Busiu, kule upande wa Mbale. Mkulima anataka mahindi yake yaote. Mimi nilitaka sababu ya kutosimama mbele ya watu.

Nimeamka kama mtu aliyelimishwa usiku kucha. Mabega yanauma, nyonga zinauma, vidole vimevimba kwa ndani hata kama kwa nje havionekani. Birika la chai nimelinyanyua kwa mikono miwili, na hata hivyo nusu ya chai imenywewa na meza. Kichwa sijakichana tangu Jumapili, maana mkono haufiki. Naandika haya kwa kidole kimoja, simu nimeilaza juu ya mto.

Nilicheza ngoma Jumamosi. Ndiyo sababu.

Mnaosoma hapa mnanijua kwa zile video. Asubuhi tatu kila wiki nawafanyisha mazoezi wanawake wa mtaa huu, tunaruka, tunachuchumaa, tunazunguka uwanja, na mimi mbele nikihesabu kwa sauti. Nahesabu kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani kwetu, sisi Wanubi, tunakisema pamoja na Kinubi chetu. Wao ni Wasoga na Waganda, Kiswahili wanakijua kwa wanajeshi tu, basi siku ya kwanza walivyosikia moja, mbili, tatu wakacheka na kuniita Afande. Jina likanata. Dukani kwangu kwenye vitenge, sokoni, kwa mwenye boda, mimi ni Afande.

Nani amewahi kumwonea huruma afande?

Nimeumwa hivi miaka sasa. Nimepimwa damu, nimepimwa mifupa, nimemeza dawa za malaria ambayo sikuwa nayo na za taifodi ambayo haikuonekana. Daktari mmoja aliniambia nipunguze mawazo. Mwingine aliniangalia miguu akasema, mama, una mwili wa mwanamichezo, endelea na mazoezi. Nikaendelea. Na kweli nikifanya mazoezi nachangamka, saa moja, mbili. Halafu kesho yake nalipwa kwa maumivu. Nikiacha kabisa ndiyo mbaya zaidi, nakakamaa kama ukuni. Kwa hiyo nakimbia nikiumwa, naendesha baiskeli nikiumwa, natabasamu kwenye simu nikiumwa, kisha narudi ndani nalala sakafuni juu ya mkeka kwa sababu kitanda kinaninyanyasa. Hiyo ya mkekani sijawahi kuirekodi.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini maiti ana nafuu yake, hakuna anayemwambia mbona unaonekana mzima.

Sasa niseme ya Jumamosi, maana nimeyabeba tangu siku ile na yana uzito kuliko birika.

Mariamu ameolewa. Ni mtoto wa kaka yangu Ramadhani wa Mbale, mtaa wa Namakwekwe, lakini sekondari yote alisomea hapa Jinja, akikaa kwangu. Mimi sikujaliwa mtoto. Mariamu ndiye aliyenijua. Alikuwa akitoka shule anatupa mkoba, ananikuta mkekani, haulizi kitu, anapasha mafuta ya nazi na kunikanda mgongo huku akinisimulia ugomvi wa wasichana wenzake. Hakuwahi kuniambia pole kwa ile sauti ya watu. Alikanda tu.

Kwetu, usiku wa doluka, ngoma ya harusi, shangazi wa bi harusi ndiye anayefungua. Bi harusi anakaa katikati, kafunikwa mtandio, haruhusiwi kusema neno. Shangazi anaingia peke yake, anamzunguka akicheza, ndipo wanawake wengine wanaingia. Shangazi asipoingia hakuna anayeingia. Na shangazi akikaa, maana yake inajulikana na kila mtu: ana jambo moyoni, hajamwachia mtoto aende. Hapo ndoa ikija kuyumba hata baada ya miaka kumi, wanamkumbuka yeye na kiti chake.

Nilijua hayo yote. Ndiyo maana nilimpigia kaka kabla. Nikamwambia, kaka, mwili haunipi, wiki hii hata kuinama siwezi. Niruhusu nifungue nikiwa nimekaa, nitapiga vigelegele, nitampa mtoto radhi zangu mbele ya wote. Kaka yangu alikuwa jeshini zamani, amri bado anayo mdomoni. Akajibu neno moja tu: tutaona.

Nilipaswa kujua hapo hapo kwamba hiyo ni hapana.

Ijumaa nikaenda Mbale. Nyumba imejaa watu, matoke yanamenywa, nyama inakatwa, na mimi sikukaa bure, Mungu shahidi. Nilimenya, nilikuna, nilikosha masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani. Nani alisema mgonjwa akae? Wifi yangu Hadija, mke wa kaka, alinipita na beseni akasema kwa kicheko, huyu ni mtu wa mazoezi, mwachieni masufuria makubwa.

Jumamosi usiku nikavaa gurbaba yangu mpya, ile nguo yetu ya kujifunga, nyekundu na manjano. Nikabeba kiti cha plastiki mwenyewe, nikakiweka mbele kabisa, karibu na Mariamu, ili ionekane kwamba nimekaa kwa mapenzi. Ngoma ikaanza. Nikapiga kigelegele hadi koo likauma. Nikapiga makofi. Wanawake wakanitazama. Ngoma ikazunguka tena, bado wananitazama. Hakuna aliyeinua mguu.

Upande wa bwana harusi ni watu wa Busiu, Wagisu, Waislamu wenzetu, lakini mila hii ni ngeni kwao. Mama mmoja wa kwao akauliza kwa adabu, mbona haiendelei? Na Hadija, badala ya kusema wifi yangu mgonjwa, akasema, ana yake huyo.

Ana yake huyo! Maneno matatu, na yakazunguka ukumbi haraka kuliko soda. Nikayasikia yakirudi kwangu yakiwa yamenenepa. Hana mtoto, mnategemea nini. Anamwonea kijicho. Alimzoea, hataki atoke mikononi mwake. Kisha Hadija akatoa simu. Akawaonyesha wale mama wa Busiu video zangu, mimi nikiruka uwanjani Jinja, meno yote nje. Akasema, mtazameni mgonjwa wetu. Kule anawarushia miguu wake za watu, hapa kwa damu yake hawezi kusimama.

Wakacheka. Na mimi pia, kama mtu mwingine, ningecheka. Video haionyeshi maumivu. Nilizirekodi mwenyewe, nikazichagua zile nzuri, nikaziweka hapa hapa mnaposoma.

Kaka akaingia upande wa wanawake, jambo asilolifanya kamwe, akainama sikioni kwangu. Akasema, Zaitun, simama. Usiniaibishe mbele ya wakwe.

Nikamtazama Mariamu. Chini ya ule mtandio nikaona macho yake, yamejaa maji. Mtu mmoja tu katika ukumbi ule alijua ukweli, na ndiye aliyekatazwa kusema. Basi akafanya alichoweza. Akatikisa kichwa, taratibu, kunikataza. Usisimame, shangazi.

Wanawake wakaona kichwa kikitikisika. Na sauti moja nyuma yangu ikasema: mmeona? Hata bi harusi mwenyewe hamtaki.

Hapo mtoto wangu naye akawa ndani ya maneno. Bi harusi aliyemkataa shangazi yake usiku wa doluka, mbele ya watu wa mume! Hiyo ingemfuata Busiu, ingekaa naye jikoni kwa mama mkwe.

Nikasimama.

Niseme kweli, maana hapa sina wa kumdanganya: ilikuwa tamu. Mwili huu mnafiki. Ngoma iliponiingia kiunoni nikasahau kila kitu, nikamzunguka Mariamu mara moja, nikamzunguka tena, nikashuka hadi chini na kupanda, gurbaba ikapepea, na ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Wanawake wakamiminika. Mama wa Busiu yule mwenye adabu akanifuta jasho kwa leso yake. Kwa muda mfupi nilikuwa yule wa kwenye video.

Halafu nikatoka nje kama anayekwenda msalani. Nikafika nyuma ya jiko, kwenye magunia ya mkaa, nikakaa. Nilipotaka kunyanyuka, miguu ikakataa. Nikabaki hapo na gurbaba mpya juu ya mkaa, nikasikiliza harusi ya mtoto wangu kupitia ukuta. Kaka alipita akienda kuita wapishi. Akaniona, akacheka kwa furaha, akanipiga bega, lile lile linalouma. Akasema, si nilikuambia?

Hakuuliza kwa nini nimekaa kwenye mkaa.

Mwenzenu nyumbani nasali nimekaa kitini. Nilimuuliza ustadhi, akanieleza kwamba asiyeweza kusimama na akae, na asiyeweza kukaa na alale, swala yake ni swala. Nalifikiria hilo tangu Jumapili.

Mwenyezi Mungu ameniruhusu kukaa. Ni kaka yangu tu ndiye bado hajaniruhusu.

Na leo asubuhi, mikono yote miwili kwenye birika, simu ikalia. Ni ujumbe wake. Nanakili kama ulivyo: "Umeona ulikuwa unaweza? Ilikuwa uvivu wa moyo tu. Jumamosi tunamtembelea bi harusi Busiu, kutakuwa na ngoma kidogo. Uje, na safari hii usituletee mambo ya kiti."

Nikausoma, nikausoma tena. Mnaona mtego? Nisingecheza, ningekuwa hasidi. Nimecheza, ni mwongo. Ningeanguka pale pale katikati ya duara labda wangeniamini, na hata hapo Hadija angesema nimeanguka vizuri mno. Nimelia kidogo. Si maumivu yaliyoniliza, hayo nimeshayazoea. Nimelia kwa sababu ushahidi pekee ninaoweza kutoa ni kushindwa, na nimejifunza kushindwa mafichoni ili watu wasichoke nami.

Nilikuwa nimeamua kumjibu kwamba siendi. Basi. Nijilalie na mvua yangu.

Kisha Mariamu akaandika. Amefunuliwa mtandio sasa, ni mke wa mtu, ana simu yake mkononi. Hakuandika habari za ndoa wala za mume. Aliandika: "Shangazi, leo umeweza kushika birika?"

Nikamjibu, kwa mikono miwili. Nikamwambia pia kwamba baba yake ananitaka Busiu nicheze, na nikikaa watamsema yeye bi harusi, ugenini, kwa wakwe zake.

Akajibu: "Waniseme. Siku ile sikuwa na mdomo, sasa ninao. Nimeshamwambia mama mkwe kwamba wewe unaumwa tangu nikiwa shule. Njoo ukae."

Sikujua kwamba neno fupi kama hilo linaweza kumlegeza mtu mabega kuliko dawa zote nilizonunua. Lakini mabega bado yanauma, nisiwadanganye.

Nimemjibu kaka. Nimemwandikia hivi: "Afande, nitakuja Busiu. Nitakuja na kiti changu, na nitakaa tangu mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kujua kwa nini, usitazame video. Njoo Jinja Jumapili asubuhi, uniletee chai mwenyewe, uone nitaishikaje."

Ameusoma. Hadija atakuwa ameshausoma pia, akichungulia juu ya bega lake.

Sasa mvua inakatika. Uwanja ukikauka, kesho wale wanawake wangu watakuja na viatu vyao vya raba, watasimama mstari wakisubiri nihesabu. Sijui nitawaambia nini. Labda nitahesabu nimekaa, na anayetaka kucheka acheke. Watu wakitaka kujipa moyo husema kesho ni siku nyingine. Mimi kesho yangu naijua tangu leo, ipo hapa nyongani, inasubiri niamke.

Ila Jumamosi naijua pia. Jumamosi nitakaa.