Lori Lililofunikwa Turubai

Kitale,
Alhamisi, 12 Novemba 2009.

Kwa dada yangu mpenzi Nakhumicha,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana, wewe pamoja na wote walioamka salama nyumbani kwako Bokoli. Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba limeanza kuvimba tena tangu mvua irudi. Tafadhali usiingie shambani kabla umande haujakauka, na usiwasikilize wanaokwambia kwamba dawa ya goti ni kutembea. Sisi huku tu wazima. Mahindi tumeyavuna, ingawa ni haba mwaka huu. Mimi sina ugonjwa, ila nina uchovu ambao hauondoki kwa kulala.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Tangu siku hiyo, kila niliposhika kalamu niliiweka tena mezani. Ningeweza kukupigia kwa simu ya binti yangu Phelista, lakini jambo zito siwezi kulisema huku wateja wamesimama wakisikiliza.

Umeniandikia kwamba habari njema zimefika hadi Bokoli: kwamba kiwanda cha Mohanlal kitafunguliwa tena, kwamba mitambo imepelekwa Nairobi kutengenezwa, na kwamba wenzangu wa zamani wamekunywa chai ya furaha langoni. Umeniomba, mimi mjomba wake, nimtafutie Derrick nafasi kwenye tanuri la kuyeyushia chuma, mahali pale pale aliposimama marehemu baba yake. Umeniambia kwamba umekwisha kumnunulia viatu vizito vya kazi, na kwamba umemkataza kwenda kwenye kile chuo cha hoteli cha Eldoret, ingawa wanamngoja Jumatatu ijayo na asipofika watampa mwingine nafasi yake.

Nitakujibu, dada, lakini nipe nafasi nianzie mbali kidogo.

Kitale uliyoijua haipo tena. Reli imeota majani. Pale tulipokuwa tukinunua misumari na bolti, vijana wanatengeneza simu. Jirani yake pana saluni, kisha duka la kutolea picha na kuchapia barua, kisha benki, kisha saluni nyingine. Phelista ana kibanda chake karibu na soko, anatuma na kupokea pesa za watu kwa simu. Siku moja nilimuuliza kwa ukali tangu asubuhi ametengeneza nini. Alinijibu kwa upole kwamba hajatengeneza kitu, lakini kila aliyefika kwake ameondoka akiwa amesaidika. Unga uliokuwa jikoni siku hiyo ulitoka katika kibanda hicho, na sabuni, na hata karatasi hii ninayoiandikia.

Unakumbuka kwamba Nitin, mwanawe Mohanlal, alipokifunga kiwanda mwaka juzi, alitutangazia kwamba kimefungwa kwa muda. Mimi aliniacha niwe mlinzi, nikashika funguo za lango. Wenzangu hawakuniacha. Kila asubuhi huja wakaketi juu ya mawe ng'ambo ya barabara, wengine wamevaa ovaroli zao, zimefuliwa na kupigwa pasi. Mathenge, yule aliyekuwa akiendesha winchi, huniuliza kila siku kama moto umewashwa. Husema kwa mzaha, lakini baada ya kuuliza hunitazama usoni.

Derrick alipokuja kunitembelea mwezi uliopita, alipita mbele yao. Mathenge alikuwa amesikia habari za chuo cha hoteli. Alisimama, akakunja kitambaa mkononi kama mhudumu, akapaza sauti: "Weita! Leta chai hapa, na usisahau kutabasamu! Baba alimwaga chuma, mtoto atamwaga supu!" Walicheka wote. Kijana aliingia ndani akiwa ameinamisha kichwa. Aliniambia kwa ile lugha yao: "Mjomba, si umewasikia? Ati mimi nivae tai nibebe trei, niulize watu kama wanataka soda baridi ama ya kawaida? Hapana, bana. Heri ningoje."

Nilipaswa kumjibu. Nilimkaribisha chai tu, na nadhani aliuchukua ukimya wangu kuwa ni kibali. Dada, ukimya huo ndio ninaotaka kuuvunja sasa.

Kiwanda hakitafunguliwa. Tanuri halipo tena. Mimi ndiye niliyelikata.

Mwishoni mwa Oktoba Nitin alinijia, akaketi nami kwenye kibanda cha lango, akanieleza bila kuficha. Alisema kwamba jembe la plau kutoka ng'ambo linauzwa hapa Kitale kwa bei ndogo kuliko makaa ya mawe anayohitaji kulitengenezea lake. Jengo litakuwa na benki chini, maduka ya simu kando, na hoteli juu. Aliniomba nisiseme lolote mpaka vyuma vyote viondoke, kwa kuwa aliogopa watu kuziba lango. Kisha akaleta vijana wawili wenye mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Mzee Mohanlal mwenyewe hakuja. Siku ile alibaki nyumbani kwake.

Nilimwambia Nitin kwamba vijana wale wanisaidie kubeba tu. Sikutaka tanuri lile livunjwe na mtu ambaye hakuwahi kuliwasha. Nililikata kuanzia juu, pete baada ya pete, mpaka nikafika kwenye kile kidirisha alichokuwa akichungulia shemeji, mumeo, kabla ya kutoa ishara kwamba chuma kimeiva. Hapo nilipumzika kidogo. Kisha nikakata.

Vipande vilipakiwa kwenye lori, vikafunikwa kwa turubai. Lango lilipofunguliwa, Mathenge na wenzake walisimama wote. Wakauliza mzigo gani huo. Dereva, ambaye bila shaka alikuwa ameelekezwa la kusema, akawajibu kwamba ni mitambo inayokwenda Nairobi kutengenezwa. Dada, walipiga makofi. Wazee wazima walilisindikiza lile lori kwa makofi mpaka likapinda kona. Mathenge alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia: "Mukhisa, kumbe ulikuwa unajua siku zote, na ukatunyamazia!" Akanunua chai kwa kila mtu. Nami niliinywa.

Hiyo ndiyo habari njema iliyofika Bokoli. Ilitoka kinywani mwa dereva, lakini ilipata miguu kwa sababu yangu, maana mimi nilikuwa nimesimama pale na funguo mkononi.

Kwa hiyo ninakuomba, nikiwa kaka yako mkubwa, na ninamwagiza Derrick, nikiwa mjomba wake: Jumatatu awe Eldoret. Phelista atafunga kibanda chake Jumamosi alete barua hii mwenyewe, kisha amsindikize kijana hadi huko. Viatu vile usivirudishe dukani. Vitakufaa wewe shambani, umande usikuguse miguu. Derrick akisema kwamba baba yake alimwaga chuma, mwambie kwamba mjomba wake pia alikimwaga, na kwamba mwezi ujao mjomba huyo atavaa sare na tai, asimame kwenye mlango wa jengo lile lile, awakaribishe wateja wa benki. Nitin amenipa kazi hiyo, nami nimeikubali.

Kesho asubuhi nitavuka barabara. Nitawanunulia wenzangu chai, nitangoja mpaka kila mmoja ashike kikombe chake, kisha nitawaambia. Mathenge nitamketisha karibu nami. Sijui atanijibu nini, na sitamlaumu kwa lolote atakalosema.

Mke wangu anakusalimu, na anasema usiache kulikanda goti kwa maji ya moto kila jioni. Wasalimie majirani wote walioketi nasi kwenye matanga ya shemeji. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana Krismasi.

Na mwambie Derrick jambo moja zaidi. Nitin anasema kwamba pale mlangoni ni lazima nitabasamu. Nimejaribu mbele ya kioo, na Phelista amenisihi niache. Akirudi likizo, anifundishe.

Ni mimi kaka yako,
Mukhisa