Shimo la Milembe

Mwanza, 9 Juni 1996

Dada Nyanjige,

Mwangaluka. Mimi mzima, natumaini nanyi hamjambo. Baada ya salamu, nina hasira. Dereva wangu Maige amefika na lori la pamba kutoka huko Sapiwi, akasimulia mbele ya vibarua wangu wote kwamba mmechimba shimo uani kwangu, mkamfukia mwanangu Milembe mpaka kifuani! Mtoto wa miaka miwili, yu hai, mnamzoesha kaburi? Kama hawezi kukaa mwenyewe, basi hawezi. Lifukieni leo. Mdogo wetu Luhaga atakuja kumchukua, akaishi kwa mama yetu, kule Mwanhuzi.

Mdogo wako,
Mboje

Sapiwi, 20 Juni 1996

Mdogo wangu Mboje,

Mwangaluka, baba. Sisi wazima, ila magoti yangu yanadai pensheni na sijawahi kuajiriwa popote. Wewe je, kifua? Kelele zile hazikukiumiza?

Shimo ni kweli, tena nililichimba vibaya. La kwanza lingetosha ndama. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali ya misheni, anayekuja kwa pikipiki kila Jumatano, alicheka, akachimba lingine. Mtoto anakalishwa humo, udongo unamshika kiuno na mgongo, pembeni tumeweka pamba asichubuke. Hafukiwi! Mikono iko huru. Juzi alishika gunzi, akanipiga nalo puani. Mkeo Esteria alilia kwa furaha, mimi kwa pua.

Mtaalamu anasema mwili hufundishika ukiwa bado mchanga. Tukingoja, viungo vitakakamaa. Mwanhuzi hafiki mtu wa kazi hiyo. Nawe mwenye kelele, hujampakata tangu ulipoona shingo yake inalegea. Mzuie Luhaga.

Dada yako,
Nyanjige

Mwanza, 2 Julai 1996

Dada,

Salamu. Kaburi ni kaburi hata likitiwa pamba. Siku hizi za soko huria kila kijiji kina wanunuzi wa pamba watatu kama mimi, na wakulima wameanza kumkimbia yule anayezika watoto walio hai. Unanicheka, mimi nakosa mzigo. Luhaga ameshaondoka.

Baba Milembe

Sapiwi, 14 Novemba 1996

Mboje,

Afya yako leo siulizi.

Luhaga alipomchukua mtoto, Esteria alimfuata hadi Mwanhuzi. Mama akamrudisha peke yake, bila mtoto, akisema angoje neno lako. Tukakuandikia. Neno halikuja.

Wiki iliyopita nilikwenda mwenyewe. Mwanao nilimkuta chumba cha nyuma, kalazwa kwenye ngozi ya mbuzi, kafichwa wageni wasimwone. Miguu imepishana kama mkasi, haikunjuki. Nilimwita, akageuza macho tu, shingo haikufuata. Nikamfokea mama, Mboje, mama yetu mzazi! Mungu anisamehe, maana matusi yale yalikuwa ya kwako, nilikosa tu nauli ya kuyaleta Mwanza.

Nimemrudisha. Jana mtaalamu alimpima. Tunaanza upya na shingo. Nikamuuliza kama yote yatarudi. Akafunga mkoba wake, akaniomba maji ya kunywa.

Esteria anasema ukimtaka mwanao, njoo Jumatano, ukae chini pamoja nasi, ufundishwe. Ukimtuma Luhaga tena, atanikuta mlangoni, na unajua mlango huo nikisimama mimi haupitiki. Milembe hapewi mtu asiyejua kumshika.

Dada yako,
Nyanjige