Taa ya Breki Niliyoichomoa

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi maana sina pa kusemea. Gari langu aliniachia marehemu baba, limeshatembea kilomita laki nne na injini bado inaunguruma vizuri, ila miezi miwili sasa pedali ya breki inazama, nikaenda kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi, akasema breki zinavuja, nisiliendeshe mpaka azifungue, nami nikampandishia sauti kwamba gari la baba nalijua mwenyewe, basi kila asubuhi naongeza mafuta ya breki kimyakimya, na taa nyekundu ilipozidi kunisuta pale kwenye dashibodi nikaichomoa globu yake, nikajizoesha kukanyaga mara mbili ndipo lisimame.

Jumanne nikiwa kazini mke wangu alilichukua kumpeleka mtoto kliniki, na sikuwa nimemwambia chochote. Nilirudi nikamkuta jikoni, hata viatu hajavua.

"Nilikanyaga likaendelea kwenda, tukaponea kwenye rundo la mchanga," akasema. "Nadhani nilichanganya pedali, baba watoto. Mimi si dereva."

Nikamwacha aamini hivyo. Jumamosi nina zamu kiwandani, na yeye ndiye atampeleka mama yangu hospitali kwa barabara ya mteremko. Kila jioni anaketi garini, limezimwa, anajizoesha kukanyaga ili asikosee tena. Nikisema ukweli atanichukia, na shemeji atanicheka. Naogopa sana.

Mwana wa Marehemu

Mwana wa Marehemu,

Pole, ila na mimi umenitia hasira. Kulipenda gari la baba yako si kosa, na likitunzwa litatembea miaka mingine. Lakini mipira ya breki huzeeka. Mafuta unayoongeza kila asubuhi, hujajiuliza ya jana yamekwenda wapi? Unaogopa kuchekwa na shemeji, huku mama wa watoto wako anafanyia mazoezi kosa lako wewe.

Ufunguo utie mfukoni leo. Mpigie shemeji, umwombe radhi, aje na vifaa vyake hapo nyumbani. Usithubutu kumpelekea gari ukiliendesha. Akague breki zote, abadilishe kilichochoka, na globu irudi mahali pake. Mama yako aende na teksi.

Lakini kabla hujagusa simu, nenda kwa mkeo pale garini, umwambie kwamba Jumanne alikanyaga pedali sawasawa.