Kiatu cha Ziyad

Dada Inshirah,

Sisi hatujambo. Jibini limepanda bei, na wapishi wa hoteli za Sokhna wamezidi ukali: kuku akianza kuyeyuka barafu tu, wanakurudisha na mzigo wote.

Juzi kwenye mteremko wa mlima Galala nilikanyaga breki ya lori, ikazama hadi chini. Mungu tu. Nilipomwambia leo tajiri wetu, Haji Shukri, akacheka: "Wewe dereva au bi harusi? Kesho unapakia!"

Kile kiatu cha mwanangu Ziyad nilichokitundika nyuma ya lori kukinga husuda, nimekifungua. Kimo humu kwenye bahasha. Mke wangu asijue. Kitunze, dada, sitaki kije kuokotwa bondeni.

Nduguyo,
Mahrous