Kiingereza cha Mjomba

Kabambare, tarehe 9 Julai 1952

Dada yangu mkubwa, Yaya Amisa mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Hawa. Magoti yameacha kukuuma? Sisi huku tunapumua.

Kwanza uketi chini, nikutangazie jambo kubwa: mdogo wako Sumaili, fundi cherehani mwenye kitambi, amekuwa mkalimani wa Kiingereza wa serikali. Cheka kwanza, nakungojea.

Muganga wa serikali alikwenda likizo Ulaya, akaletwa muganga Mwingereza wa misheni kupima wafanyakazi wagonjwa wa mgodi wa bati. Hajui Kifaransa wala Kiswahili. Karani Célestin akakumbuka majivuno yangu ya kujua Kiingereza tangu Ujiji. Yaya, kule Ujiji niliwashonea Waingereza vifungo vya suruali, basi. Lakini nilikuwa na kijitabu, nikasoma siku tatu vile vijineno vinavyofanana: "still" kwa jambo linaloendelea, "already" kwa lililokwisha, "yet" kwa linalongojewa. Mbele ya cherehani nilivijua vyote. Hawa alinitania kwamba sasa hata sindano naigombeza kwa Kiingereza.

Siku ya kupima, watu thelathini walipanga mstari. Aliyepona anarudi shimoni, mgonjwa anarudi kwao. Mutoto wako Faradji alikuwa wa tano. Célestin alimuuliza kama anaogopa, naye akacheka, akasema mjomba wake iko pale, aogope nini? Kisha akaniomba nimwambie muganga kwamba kila asubuhi bado anatema damu.

Muganga akauliza kitu, mbio mbio. Vijineno vyangu vikatawanyika kama kuku. Nikakamata kile cha jambo lililokwisha, kilichokuwa kitamu zaidi mdomoni, nikasema kwa sauti ya bwana mkubwa: "Already!" Muganga akatabasamu, akampiga Faradji begani, akaandika kwamba amepona.

Ningeweza kuishia hapo, uniite mjinga, tucheke. Lakini ukweli ni huu: nilipoona lile tabasamu nilijua palepale. Mutu aliyesikia habari ya damu hatabasamu. Ningeweza kumshika muganga mkono. Ningeweza kukohoa mimi mwenyewe na kuonyesha kifua. Lakini watu walikuwa wananitazama, na Célestin alikwisha kuniita Bwana Mkalimani. Nikamwita wa sita, mpaka wa thelathini. Faradji aliondoka akinishukuru.

Jumatatu wanamrudisha shimoni. Muganga iko kijiji cha Wamaza mpaka Jumamosi, nami na Faradji tunatoka sasa hivi kwa miguu kumfuata. Faradji nimemwambia yote. Amebeba mfuko wangu. Nitaomba orodha yote ya wale thelathini irudiwe. Neno la kumwambia muganga nimelipata ukurasa wa kwanza wa kijitabu, ule nilioruka nikikimbilia makubwa: "Sijui."

Nisalimie Feza na wote wa nyumbani. Hasira yako niwekee mimi, usimgawie Hawa.

Mdogo wako,
Sumaili, fundi wa kushona